Kinywe Ndani ya Chuma

Wanunuzi wa vyuma chakavu kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, pale Bunda, hawahitaji maabara ili kutenganisha mzigo wao. Nyundo inawatosha. Chuma kinachopinda kinatupwa huku, kinachovunjika kinatupwa kule. Na huko kwa vilivyovunjika ndiko utakakokuta bloku za injini, dramu za breki za malori, magurudumu mazito ya injini za mashine za kusaga na miguu ya cherehani za zamani. Hicho ni chuma cha kalibu, ambacho gereji nyingi zinakiita kasti. Pale kilipovunjika kina rangi ya kijivu, na kikichongwa kwenye mashine vumbi lake huifanya mikono ya fundi kuwa myeusi. Weusi huo ni kinywe, madini ya aina ileile yanayotafutwa Mahenge na Ruangwa. Tofauti ni kwamba kinywe hiki hakikuchimbwa popote. Kilizaliwa ndani ya chuma wakati chuma kilipokuwa kinaganda.

Watu wengi, hata wenye vyeti vya ufundi, hueleza udhaifu wa kasti kwa sentensi moja: ina kaboni nyingi. Maelezo hayo hayatoshi. Dramu la breki linalopasuka kwa pigo moja na krankshafti inayostahimili mamilioni ya mizunguko vinaweza kuwa na kaboni kiasi kilekile, asilimia 3.5 hivi. Kinachovitofautisha ni jinsi kaboni hiyo ilivyojitenga na chuma: kama ilitoka ikiwa kinywe au la, na kama ilitoka ikiwa kinywe, ilichukua umbo gani. Yote hayo huamuliwa katika dakika chache kati ya kumimina na kuganda, na yakishaamuliwa hayarekebishiki kwa urahisi.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kikinywa kaboni hadi asilimia 4.3, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 1,150. Pungufu hilo la karibu nyuzi 400 ndilo linalokifanya chuma cha kalibu kiwe chepesi kuyeyusha na kumimina kuliko feleji, ambayo kaboni yake kwa kawaida haifiki asilimia 2. Katika joto kali kaboni yote imeyeyuka ndani ya chuma na haionekani. Joto likishuka, chuma kigumu hakiwezi kuibeba yote. Inabidi itoke, na ina njia mbili za kutokea.

Njia ya kwanza ni kinywe, yaani kaboni tupu. Ya pili ni sementiti, msombo mgumu wa chuma na kaboni wenye asilimia 6.67 ya kaboni. Katika mchanganyiko wa chuma na kaboni peke yake, kinywe huanza kuwezekana kwenye nyuzi 1,154 na sementiti kwenye nyuzi 1,148. Nafasi iliyopo kati yao ni nyuzi sita tu. Kwa kanuni za nishati, kinywe ndicho kinachopaswa kushinda, kwa kuwa ndicho imara zaidi. Lakini kinywe kina gharama ya safari: atomi za kaboni lazima zisafiri mbali na kukusanyika mahali pamoja, na atomi za chuma ziondoke kuzipisha. Sementiti haidai mwendo mrefu hivyo. Kwa hiyo chuma kikipoa haraka, joto hupita zile nyuzi sita kabla kinywe hakijajipanga, na sementiti inachukua nafasi. Chuma kinatoka cheupe, kigumu kiasi cha kuishinda patasi ya mashine, na chepesi kuvunjika.

Ndiyo maana kitu kimoja kilichomiminwa siku moja kutoka chungu kimoja kinaweza kuwa cha kijivu katikati na cheupe kwenye kingo nyembamba. Ukingo umegusa mchanga baridi na kupoa kwanza. Fundi wa mashine ya kukereza anayelalamika kwamba kisu kimekatika ghafla mwishoni mwa kazi mara nyingi amekutana na ukingo wa namna hiyo.

Silikoni ndiyo inayoipanua nafasi ile finyu. Ikiongezwa asilimia 2 hivi, halijoto ya kinywe hupanda, ya sementiti hushuka, na pengo linafikia makumi ya nyuzi. Kwa sababu hiyo karibu kila chuma cha kijivu duniani kina silikoni kati ya asilimia 1 na 3, na wahandisi huihesabu pamoja na kaboni: huchukua asilimia ya kaboni, wakaongeza theluthi moja ya jumla ya silikoni na fosforasi. Jibu likikaribia 4.3, chuma hutiririka vizuri na kinywe hutoka kwa wingi.

Si kila kazi inataka kinywe. Kule Buhemba, wilayani Butiama, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za wakoloni, wachimbaji wadogo husaga mawe katika makarasha, madumu yanayozunguka yakiwa na gololi za chuma ndani. Katika migodi mikubwa, gololi na sahani za ndani za vinu hutengenezwa mara nyingi kwa chuma cheupe chenye kromi nyingi, ili kaboni yote ifungwe ndani ya kabaidi ngumu, yaani misombo ya kaboni na metali. Chembe ya kinywe ndani ya gololi ni tundu la kuanzia kulika. Sahani za vinu vya zamani vya kusagia nafaka zilifuata fikra hiyohiyo: uso ulipozwa makusudi kwa kipande cha chuma kilichowekwa ndani ya kalibu, ukawa mweupe na mgumu, huku mgongo ukiachwa wa kijivu ili usivunjike.

Ila kwa vitu vingi kinywe kinatakiwa, na hapo swali linakuwa: kitaanzia wapi? Fuwele haianzi hewani. Inataka mahali pa kushika, na ndani ya chuma kilichoyeyuka mahali hapo ni vijichembe vya uchafu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote, kwa sababu inapindua mambo ambayo fundi wa feleji amefundishwa. Kwenye feleji salfa ni adui. Kwenye chuma cha kijivu, salfa ikishuka chini ya asilimia 0.05 hivi, kinywe kinaanza kuota vibaya. Salfa hukutana na manganizi na kufanya chembe ndogo za salfaidi, zinazozaliwa juu ya oksaidi ndogo zaidi, na magamba ya kinywe huanza kuota juu ya chembe hizo. Manganizi lazima iwepo kwa kipimo. Kanuni ya zamani ya viwandani inasema mara 1.7 ya salfa, kisha ongeza asilimia 0.3. Ikipungua, salfa inaungana na chuma chenyewe na kuleta wepesi wa kuvunjika. Kwa hiyo mtu akinunua malighafi safi mno akidhani anajenga ubora, anaweza kuishia na chuma kibaya kuliko cha jirani yake aliyeyeyusha chakavu.

Ili mbegu hizo zisikosekane, viwanda hukipa chuma chanjo. Ni ferosilikoni yenye silikoni asilimia 75 hivi pamoja na kalisi na alumini kidogo, wakati mwingine bariamu au strontiamu, inayotiwa wakati chuma kinamiminwa kutoka tanuruni kwenda kwenye ndoo ya kumiminia, kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.5 ya uzito. Kiasi hicho hakiwezi kubadili sana silikoni iliyomo. Kazi yake ni kuzalisha vituo vipya vya kuanzia. Na chanjo hii inachuja: baada ya dakika kumi au kumi na tano nguvu yake imeisha, ingawa kipimo cha kemia kitaonyesha silikoni yote ipo. Mtu akisoma karatasi ya vipimo hataona kosa. Ataliona kwenye chuma.

Kinywe kikishaanza, kinaota kwa tabia ya fuwele yake. Kimejengwa kwa tabaka. Ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana kwa nguvu kubwa, lakini tabaka na tabaka zinashikana kwa ulegevu, na ndiyo maana kinywe kinaandika kwenye karatasi. Katika chuma chenye salfa na oksijeni huru, ukuaji unakimbilia kwenye kingo za tabaka, na kinywe kinatanda kuwa magamba mapana, membamba, yaliyopinda. Magamba hayo yanakua bega kwa bega na chuma kigumu kinachoitwa austeniti, yakiungana katikati ya kila seli. Yakikatwa na kutazamwa kwa hadubini yanaonekana kama mistari iliyotengana, lakini kwa kweli ni kichaka kimoja kilichounganika.

Wataalamu wameyapanga magamba hayo kwa herufi, A hadi E. Aina A, yaliyosambaa sawasawa bila mwelekeo, ndiyo inayotafutwa kwa bloku na dramu. Aina D, madogo sana na yaliyobanwa kati ya matawi ya austeniti, hutokea pale chuma kilipopoa mno kabla ya kuanza kuganda. Mara nyingi ni dalili ya chanjo kukosekana. Nyingine naziacha.

Sasa kitu kimoja cha kuona kwa macho. Chukua turubai, ulikate kwa wembe mstari wa sentimita tano, kisha ulivute. Litachanika kuanzia ncha ya mstari. Litoboe tundu la duara, ulivute kwa nguvu ileile, litavumilia. Gamba la kinywe ni ule mkato wa wembe. Ndiyo sababu chuma cha kijivu huvutwa hadi kukatika kwenye megapaskali 150 hadi 350 hivi na hakirefuki kabla ya kukatika, ilhali kikibanwa hustahimili mara tatu au nne ya hapo.

Wazo la kukigeuza kinywe kiwe duara lilikuja kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1722 Réaumur wa Ufaransa alichapisha namna ya kulainisha chuma cheupe kwa kukioka kwa muda mrefu. Mwaka 1826 Seth Boyden, huko Newark, Marekani, akapata namna nyingine ambayo sementiti huvunjika ndani ya chuma kigumu na kaboni yake kukusanyika kuwa madonge. Ilidai siku kadhaa za kuoka, na haikufaa kwa vitu vinene. Kisha mwaka 1943, vita vikiwa vimeifanya kromi kuwa adimu, Keith Millis wa kampuni ya INCO alikuwa akitafuta kibadala chake kwa ajili ya chuma cheupe. Akajaribu magnesi. Kinywe kikatoka duara. Mwaka 1948 Henton Morrogh wa Uingereza alitangaza kwamba seriamu nayo inafanya kazi hiyo, na mwaka uliofuata hataza ya magnesi ikatolewa kwa Millis na wenzake.

Magnesi inaondoa salfa na oksijeni. Vikiondoka, kingo za tabaka hazipendelewi tena. Tabaka hupandana kutoka katikati kuelekea pande zote, na matokeo yake ni kidonge. Jinsi hasa hatua hizo zinavyotokea bado inabishaniwa. Kinachojulikana vizuri ni kwamba kidonge hufunikwa mapema na ganda la austeniti, na tangu hapo kila atomi ya kaboni inayoongezeka inapenya ganda hilo gumu ili kukifikia. Chuma hiki hufikia megapaskali 400 hadi 800, na aina zake laini hurefuka zaidi ya asilimia 15 kabla ya kukatika.

Ugumu uko kwenye kuipata magnesi yenyewe ndani. Inachemka kwenye nyuzi 1,090, na chuma kinachoisubiri kina nyuzi 1,400 au zaidi. Ikitupwa tupu inalipuka kwa mwanga mkali na moshi mweupe. Huchanganywa kwanza na ferosilikoni na kuwekwa chini ya ndoo, ikafunikwa kwa vipande vya feleji, ndipo chuma kimiminwe juu yake. Kinachotakiwa kubaki ni asilimia 0.03 hadi 0.05. Ikizidi, kabaidi na matundu. Ikipungua, vidonge vinavurugika, vinakuwa kama minyoo minene, kisha magamba kamili. Kile cha minyoo kilionwa zamani kuwa bidhaa iliyoharibika. Leo kinatengenezwa makusudi kwa bloku za injini kubwa za dizeli.

Kuna jambo moja zaidi linalotokea wakati wa kuganda, na linawahusu moja kwa moja wale wanaomimina sufuria za alumini katika kalibu za mchanga kote Afrika Mashariki na wanaotamani kuhamia kwenye chuma. Alumini inanywea inapoganda. Chuma cha kijivu kinanywea kisha kinatanuka, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya kinywe ina gramu 2.2 hivi wakati chuma kilichoyeyuka kina karibu 7. Kalibu ikiwa imeshindiliwa kwa nguvu, mtanuko huo unasukuma chuma kilichobaki kujaza matundu ya ndani, na kitu kinatoka kizima bila kuhitaji akiba kubwa ya kukilisha. Kalibu ikiwa laini, kama ile inayotosha kwa sufuria, kuta zinasukumwa nje na tundu linabaki ndani. Kitu kinakuwa kikubwa kuliko kipimo na kina uwazi tumboni.

Kikiwa kazini, kinywe kinaendelea kufanya mambo mengi. Injini za Lister zilizotoka Dursley, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na nakala zake za Rajkot, India, zimeendesha mashine za kusaga vijijini kwa vizazi, zikigonga polepole. Sehemu ya uvumilivu wao ni kinywe: kinameza mtetemo, kinashika mafuta kwenye ukuta wa silinda, na mafuta yakikosekana kidogo chenyewe kinalainisha. Joto la kupanda na kushuka kwa miaka huleta ugonjwa mwingine, maana hewa hupenya kwa njia ya magamba, chuma kinaoza kutoka ndani na kuvimba. Vyuma vya mlango wa jiko la kuni vinaonyesha hilo. Bomba la kasti lililozikwa kwenye udongo wenye chumvi huweza kuliwa chuma chake chote, kikabaki kinywe chenye sura ileile ya bomba, laini kiasi cha kukatwa kwa kisu. Mtu anayekagua mabomba ya zamani kwa macho tu, iwe Musoma au popote, hatalitambua bomba la namna hiyo mpaka presha ipande.

Lakini mahali ambapo suala hili linamgusa fundi wa mkoa wa Mara karibu kila wiki ni kwenye kuchomelea. Ganda la nje la pampu limepasuka, au mguu wa injini umekatika. Fundi anachukua elektrodi ya kawaida ya feleji, anachoma vizuri, anapata mshono mzuri. Kitu kinapoa, halafu kinalia tik, na ufa mpya umejichora pembeni mwa mshono. Mteja anamlaumu fundi, fundi anailaumu kasti. Kilichotokea ni kwamba kando ya mshono chuma kiliyeyuka na magamba yakayeyuka nacho. Kaboni ikarudi ndani ya chuma. Kisha kipande kikubwa baridi kikalinyonya joto lile kwa sekunde chache, na ile hadithi ya nyuzi sita ikajirudia: sementiti ikashinda, na ukanda mwembamba mweupe ukabaki kati ya mshono na chuma cha zamani. Mshono unaponywea unauvuta ukanda huo, nao hauwezi kurefuka.

Dawa zote zinazojulikana zinatokana na maelezo hayo. Elektrodi ya nikeli hubaki laini na kufuata mnyweo. Mishono mifupi ya sentimita mbili tatu, ikigongwa kwa nyundo ndogo ingali moto, hupunguza mvuto. Kupasha kipande chote nyuzi 300 au zaidi kabla, kisha kukifukia kwenye majivu makavu hadi kesho, hufanya upoaji uwe wa polepole. Na kuunganisha kwa gesi na brasi, ambako kasti yenyewe haiyeyuki, huwa njia ya busara kuliko zote kwa kitu kisichofanya kazi kwenye moto. Nikeli ni ghali, hilo halina ubishi. Majivu hayana bei.

Wahunzi wa kale wa ukanda huu walilikwepa tatizo hili kwa namna yao. Waturi, wahunzi wanaokumbukwa na jamii za Mara kusini, walifanya kazi na chuma kilichofuliwa kikiwa kigumu, hakikumiminwa. Ng'ambo ya ziwa, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba Wahaya walizalisha feleji yenye kaboni katika matanuru yaliyopashwa hewa ya moto, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika tanuru la aina hiyo donge likinywa kaboni kupita kiasi linayeyuka na kuwa kasti, na mhunzi hawezi kulifua. Litasambaratika chini ya nyundo. China ilikuwa imeshajenga ustadi mzima juu ya chuma cha aina hiyo karne kadhaa kabla ya Kristo. Ziwa Viktoria lilijenga ustadi mwingine, na majembe yake yalitosha.

Leo mazungumzo ya viwanda nchini Tanzania yanaanza na mawe ya Liganga, wilayani Ludewa. Mawe hayo yana titani na vanadi pamoja na chuma, na sehemu ya madini hayo hubaki ndani ya chuma kinachozalishwa. Vanadi huivuta kaboni kwenye kabaidi. Titani husukuma magamba kuelekea aina D na huvuruga vidonge vya magnesi. Si maradhi yasiyotibika. Seriamu kidogo hupunguza ubaya wa titani, na kuchanganya na chakavu cha feleji hupunguza vyote viwili. Lakini mtu anayedhani kwamba mgodi ukifunguliwa kalibu zitajileta amekosea mpangilio wa mambo. Chakavu nacho kina sumu zake. Risasi ya asilimia 0.005 tu, iliyotoka kwenye rangi au betri iliyochanganyika, hulifanya gamba la kinywe liote miiba na nguvu ya chuma kushuka vibaya. Kinywe cha Mahenge kina nafasi yake katika vyungu vya kuyeyushia na katika kupaka kuta za kalibu; hakitachukua nafasi ya kinywe kinachopaswa kuota chenyewe.

Tanzania ina karakana zake za kumimina chuma, mojawapo ikiwa katika kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools huko Hai, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Musoma ina shirika la viwanda vidogo, SIDO, na chuo cha ufundi cha VETA, na Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Kama ningeulizwa kipi kitangulie katika mkoa wa Mara, tanuru au hadubini, ningesema hadubini, kwa sababu chuma cha kuchunguza kimejaa tele pale Bunda na hakidai umeme wa kukiyeyusha. Kata bloku iliyopasuka, ing'arishe, itazame, uwaonyeshe wanafunzi aina A na aina D kwa macho yao.

Na siku tanuru litakapokuja, kipimo cha kwanza hakitagharimu zaidi ya chuma kidogo cha ndoo. Unamimina kipande chenye umbo la kabari, unakiacha kigande, unakipoza, unakivunja. Kwenye ncha nyembamba kutakuwa na weupe, kwenye sehemu nene kijivu. Upime weupe huo kwa rula. Ukiwa mpana kuliko jana, chanjo imechuja au haikutosha. Iongeze sasa hivi, kabla ndoo haijafika kwenye kalibu.